Kundi la Nyuki Halikamatwi, Linapokelewa
Asali, miti na soko katika historia ya Bunkeya



Siku moja ya soko, katika mwezi wa kumi, wakati mvua ilikuwa bado kuanza vizuri, kundi la nyuki liliingia sokoni na kujishika kwenye tawi la mwembe, juu kabisa ya meza ya mama mmoja muuza samaki. Ndani ya dakika chache soko lilikuwa tupu. Wengine walikimbia na watoto mgongoni, wengine walijifunika vitambaa kichwani. Vijana wawili wakaleta mpira mzee wa gari na petroli kidogo, wakawasha moto chini ya mwembe. Robo saa haikuisha, nyuki walikuwa chini: nusu wamekufa, nusu wanatambaa ndani ya vumbi. Watu waliwapigia vijana makofi, na biashara ikaanza tena.

Mzee mmoja alifika nyuma ya hayo, na kapu tupu mkononi na kipande cha nta ndani ya kitambaa. Alikuwa amechelewa. Alitazama mwembe, akatazama chini, akasema hivi tu: "Mulichoma mugeni mwenye alikuja na mali yake." Kiisha akarudi kwake.

Maneno yale hayakunitoka. Niliwaza: namna gani mji sawa Bunkeya, ambao mwanzilishi wake alitoka katika nchi ya asali, umefika mahali pa kuchoma kundi la nyuki mbele ya watu wote, na watu wanafurahi? Njo swali la insha hii. Jibu langu ni kama hatukupoteza nyuki kwanza. Tulipoteza kwanza elimu ya kuwapokea, na pamoja nayo tunapoteza miti inayowalisha.

1. Maneno yenyewe yanasema nini

Tuanze na maneno, sababu maneno ni vitabu vya wale wasioandika. "Nyuki" ni neno la Kibantu la zamani sana. Ndugu zetu wa Rwanda wanaita asali "ubuki", na Wabemba wanasema "ubuci". Ni mzizi mmoja. Hii inaonyesha kama mababu wa Wabantu walijua nyuki na asali mbele ya kutawanyika katika nchi zote hizi. Lakini neno "asali", ambalo sisi wa Kiswahili tunatumia kila siku, lilitoka Kiarabu. Lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, nguo na baruti. Kwa hiyo mdudu amebaki na jina la nyumbani, lakini kitu kinachouzwa kimepata jina la biashara.

Tazama pia neno "mzinga". Katika Kiswahili, mzinga ni nyumba ya nyuki, na mzinga ni bunduki kubwa ya vita. Yote mawili ni kitu cha mviringo, kirefu, chenye shimo ndani. Katika historia ya Bunkeya aina hizo mbili za biashara, ya pori na ya vita, zilitembea karibu karibu, sawa tutakavyoona.

2. Watu kutoka nchi ya asali

Kila mtoto wa Bunkeya anajua kama Msiri, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa, alitoka Unyamwezi, katika watu wa Usumbwa, upande wa Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba, akija huku kutafuta shaba mbele ya mtoto wake. Katikati ya karne ya 19, karibu ya mwaka 1856, Ngelengwa alifika na kubaki, na polepole akajenga ufalme wa Garanganze. Bunkeya ikawa mji wake mkubwa.

Unyamwezi ni nchi inayojulikana sana kwa asali na nta. Hata leo, ukisema Tabora mbele ya Mtanzania, jambo la kwanza atakalowaza ni asali. Kule watu wanatoboa gogo au wanakunja ganda la mti, wanafunga mbele na nyuma, wanaacha tundu dogo, na wanatundika juu ya mti. Haiko bahati kama wanafanya vile. Tabora na Katanga ziko ndani ya pori moja, lile linaloitwa miombo. Linaanza Tanzania, linapita Zambia na Katanga, mpaka linaingia Angola. Mti ambao watu wa Tabora wanauita mtundu, huku kwetu na kwa Wabemba tunaujua kwa jina la muputu. Mtu wa Usumbwa aliyeingia bonde la Lufira wakati ule alikuta miti ndugu, maua ndugu na nyuki ndugu. Hakuwa mgeni kwa pori, alikuwa mgeni kwa watu tu.

Lakini tusikosee. Si kusema kama Bayeke ndio walileta asali hapa. Nyuki wa Katanga ni wa Katanga. Basanga, Balamba na wengine waliowatangulia Bayeke walijua kufuata nyuki mpaka ndani ya shimo la mti, na walijua yule ndege mdogo anayeonyesha asali. Ndege yule anaita, anaruka mti kwa mti, mtu anamfuata, na kisha mtu anamwachia nta kama mshahara. Wenye elimu ya siku hizi wamehakikisha jambo hilo: katika Niassa, kule Msumbiji, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kama ndege anasikia kweli mwito maalumu wa wawindaji wa asali na kuujibu. Wazee wetu hawakungojea mwaka 2016 kwa kujua hayo.

3. Soko la Bunkeya na barabara ya nta

Katika miaka ya 1870 na 1880, Bunkeya ilikuwa moja ya masoko makubwa ya ndani ya Afrika. Kutoka mashariki walikuja Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu. Kutoka magharibi walikuja Ovimbundu wa Bihe, ambao tunawaita Wabihe, wenye kutembea miezi mingi kutoka Angola. Shaba, meno ya tembo na chumvi vilitoka. Nguo, shanga, bunduki na baruti viliingia. Watumwa pia waliuzwa, na insha ya kweli haiwezi kuficha jambo hilo.

Katika barabara ile ya magharibi nta ilikuwa mali kubwa. Mwaka 1834, serikali ya Wareno iliacha kujifungia peke yake biashara ya meno ya tembo katika Angola, na toka wakati ule misafara ya Waafrika wenyewe iliongezeka sana. Batshokwe walijulikana kwa nta kuliko watu wote. Walitundika mizinga, walitafuta nyuki ndani ya pori, walikula asali au kuifanya pombe, na nta walipeleka kwa wafanyabiashara, mpaka ikafika Luanda na Benguela, kiisha Ulaya kwa kutengeneza mishumaa. Kwa bei ya nta na ya meno walipata bunduki, na kwa bunduki wakapanuka mpaka ndani ya nchi ya Walunda. Njo namna mzinga wa nyuki ulizaa mzinga wa vita.

Ninakumbusha hayo sababu vijana wetu wanawaza kama asali ni chakula cha masikini, kitu cha watu wasio na kazi. Hapana. Pori hili hili la miombo lililisha biashara ya nchi mbalimbali mbele ya kampuni yoyote ya madini kufika.

Kiisha ukaja mwaka 1891. Basanga walikuwa wameasi, mashamba yalikuwa yanaachwa, njaa iliingia. Le Marinel alifika mwezi wa nne, Delcommune mwezi wa kumi, na Stairs mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 20 ya mwezi ule, Bodson alimpiga Msiri risasi, na yeye Bodson pia akauawa pale pale. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, aliandika kitabu juu ya safari ile, na tunajua kutoka kwa watu wa msafara namna walivyokufa kwa njaa na magonjwa nyuma ya kifo cha Msiri. Soko kubwa lilikuwa limekwisha. Mtu aliyebaki hai wakati ule aliishi kwa kile pori lilitoa. Mji mwenye soko ukianguka, pori ndilo ghala la mwisho. Na ghala lile halijazwi siku ya njaa, linajazwa mbele.

4. Kundi la nyuki ni nini

Sasa turudi kwenye tawi la mwembe. Wengi wanawaza kama kundi la nyuki ni jeshi linalokuja kushambulia. Kumbe ni jamaa inayohama.

Wakati maua ni mengi, mzinga unajaa watoto na asali. Wafanyakazi wanaanza kulea malkia mpya ndani ya vijumba vikubwa vinavyoning'inia sawa karanga. Malkia anachukua siku 16 tu toka yai mpaka kutoka, mfanyakazi siku 21, dume siku 24. Mbele ya malkia mpya kutoka, yule malkia mzee anaondoka na sehemu kubwa ya nyuki. Anaachia binti nyumba, chakula na watoto. Mama ndiye anayeondoka, na mtoto anabaki kwenye nyumba. Hakuna urithi mzuri kuliko huo.

Mbele ya kuondoka, kila nyuki anajaza tumbo lake asali. Njo ile "mali" mzee alisema. Kundi linajishika kwenye tawi, na linaweza kubaki pale saa chache au siku moja mbili, wakati watafutaji wanakwenda kutazama mashimo. Wanaporudi wanacheza juu ya kundi, na mchezo wao unaonyesha upande na urefu wa njia. Karl von Frisch alifasiri mchezo huo, na mwaka 1973 alipata zawadi ya Nobel. Kundi linapokubaliana, linaruka lote pamoja.

Wakati wa kukaa juu ya tawi, nyuki wana tumbo lililojaa na hawana nyumba ya kulinda. Kwa hiyo wanakuwa wapole kuliko siku zote. Sisemi kama hawaumi. Nyuki wa Afrika anajulikana kwa hasira yake, na mtu mwenye mwili unaokataa sumu ya nyuki anaweza kufa. Lakini kundi lisilochokozwa linapita. Moto njo unageuza wageni kuwa maadui.

Iko pia kuhama kwa namna nyingine. Ikiwa kuna njaa, moto wa pori, siafu, au mtu anawasumbua kila mara, nyuki wa Afrika wanaacha mzinga wote, hakuna hata mmoja anayebaki. Wazee walijua kutenganisha mambo hayo mawili. Mjomba wangu alikuwa anasema: "Kundi ya maua, shukuru. Kundi ya njaa, jiulize." Kundi la kwanza ni alama ya kama pori linazaa. Kundi la pili ni alama ya kama pori linakufa.

5. Kalenda ya maua

Nyuki hana shamba, lakini ana kalenda. Kazi yake kubwa anaifanya ndani ya kilometa mbili au tatu kutoka nyumbani, hata kama anaweza kwenda mbali zaidi. Chukua duara ya kilometa 3 kila upande: ni karibu kilometa za mraba 28. Njo shamba la mzinga mmoja. Hakuna mtu katika mji wetu mwenye shamba sawa lile. Maana yake, mwenye mzinga anakula kutoka miti ya jirani zake wote, na jirani akikata, naye anakatwa.

Toka mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, mbele ya mvua na mwanzo wa mvua, miombo inatoa majani mekundu na maua. Muputu na ndugu zake vinachanua, na musafwa nao, njo wakati wa asali ya kwanza. Kiisha mvua kubwa inakuja, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili. Watu wasiojua wanawaza kama pori la kijani ni pori la chakula. Kwa nyuki, hapana. Mvua inaosha maua na kumfungia nyuki ndani. Wanaokota unga wa maua ya mahindi na maboga, lakini asali ni kidogo, na makundi mengine yanahama. Mvua inapomalizika, toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, mutondo unachanua pamoja na maua madogo ya bondeni, na hapo inakuja asali ya pili. Ndani ya kiangazi miembe ya mjini inachanua, mikaliptusi iliyopandwa inasaidia, na mupundu unajiunga mwisho wa kiangazi.

Angalia jambo moja: mwembe ule wa sokoni ulikuwa ndani ya kalenda hiyo. Mji pia ni malisho. Nyuki wa pori wanavuka kiangazi kwa miembe ya watu, na watu wanapata maembe na maboga kwa sababu nyuki wamepita juu ya maua yao. Mama anayeuza maboga sokoni ana deni kwa nyuki, hata kama hajaonja asali maishani mwake.

6. Makala ya zamani na makala ya leo

Mtu anaweza kuniambia: "Wazee nao walikata miti." Ni kweli. Wafua shaba wa zamani, wale tunaowaita walya mukuba, "wala shaba", walitumia makala. Walijenga matanuri ya udongo wa kichuguu, wakayeyusha mawe ya shaba kwa moto wa makala na mivukuto. Askofu de Hemptinne aliandika juu yao katika mwaka 1926. Lakini kazi ile ilikuwa na kipimo. Ilifanywa ndani ya kiangazi, nyuma ya mavuno, na mvua ilipokaribia watu walirudi mashambani. Miombo ina nguvu ya kuchipuka kutoka kisiki na kutoka mizizi. Ukiipa miaka, inarudi. Wafua shaba waliipa miaka.

Makala ya leo hayana msimu. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinapika kwa makala mwaka mzima, na mifuko inatoka vijijini kwa baiskeli na kwa gari. Mukata makala hachagui: mutondo na muputu, miti miwili mikubwa ya asali, ni pia miti mizuri ya makala. Kiisha ikaja biashara ya mukula, mbao nyekundu iliyotafutwa sana na soko la China katika miaka ya 2010. Mwaka 2019 mti huo uliingizwa katika orodha ya CITES, ile mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa kisiki kilichokatwa mbele ya mwaka huo orodha haisaidii kitu.

Na moto. Moto wa mwanzo wa kiangazi, wakati majani yangali na maji kidogo, unapita chini na miti inabaki. Moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, unaua miche na unachoma maua wakati ule ule wa kuchanua. Majaribio yaliyoanzishwa karibu ya Ndola, kule Zambia, mwaka 1933, yalionyesha jambo hilo wazi: mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, pori liligeuka majani, mahali palipochomwa mapema, miti ilidumu. Ni pori la aina yetu, ng'ambo ya mpaka tu.

Sitazungumza sawa mtu aliye nje ya shauri. Mjomba wangu alikuwa na mti wake, mutondo mkubwa wenye shimo, ambao nyuki waliuingia kila mwaka. Aliutia alama ya panga, na kila mtu aliheshimu alama ile. Wakati alikuwa mgonjwa, mmoja wa jamaa yetu wenyewe aliukata kwa makala. Pesa zilikwenda kununua dawa ya mjomba. Nani atamhukumu? Mti ulitoa mifuko michache, dawa ilikwisha katika majuma mawili, mjomba alifariki. Mti ule ungekuwa ungali unatoa asali mara mbili kwa mwaka mpaka leo. Sisi wote tulikula mfuko ule wa makala.

7. Kosa la wazee pia tuliseme

Tusitengeneze wazee kuwa malaika. Desturi yao ilikuwa na makosa matatu. La kwanza: mara nyingi, asali ikiwa juu, walikata mti wote. Walipata ndoo ya asali wakapoteza nyumba ya miaka mingi. La pili: mzinga wa ganda unatengenezwa kwa kuvua mti mzima ganda lake kwa kuzunguka, na mti uliovuliwa namna ile unakufa. La tatu: walivuna kwa miali ya moto, wakachukua masega yote pamoja na majana, na makaa yakianguka yaliwasha pori.

Wakati watu walikuwa wachache na pori kubwa, makosa hayo yalifunikwa. Leo hayafunikwi. Kuhifadhi mila hakuna maana ya kurudilia kila kitu. Tuchukue jicho la wazee, lile la kusoma maua na kusoma kundi, tuache shoka lao.

8. Namna ya kupokea

Mwenye kutaka nyuki atayarishe nyumba mbele ya maua, si nyuma. Sanduku la mbao, au gogo lililokwisha kuanguka lenyewe, lenye nafasi ya ndoo mbili za lita 20 hivi, linatosha. Tundu la kuingilia liwe dogo. Ndani usugue nta ya zamani. Wengine wanasugua majani ya sitroneli, yale tunayochemsha kama chai, sababu harufu yake inafanana na ile nyuki wanatoa kwa kuitana. Litundike mahali pa kivuli, juu kuliko kichwa cha mtu, karibu ya maji, mbali na njia ya watoto wa shule. Zuia siafu kwa kufunga kwenye waya kitambaa chenye mafuta mazee ya gari. Kiisha ngojea. Watafutaji watakuja wenyewe.

Kundi likiisha kushuka kwenye tawi la chini, mwenye kuzoea anavaa nguo nene na kufunika uso, anafika jioni, anaweka kapu au sanduku chini yake, anatikisa tawi mara moja kwa nguvu. Malkia akiwa ndani, wengine wote watafuata. Anaacha chombo pale mpaka giza, kiisha anakihamisha usiku. Asiyezoea asijaribu, awaambie watu wasogee, na aite anayejua.

Wakati wa kuvuna, moshi wa majani makavu ndani ya kopo, si miali. Ondoa masega ya asali yaliyofungwa, acha ya watoto, acha pia chakula chao cha wakati wa mvua. Nta usiitupe, iyeyushe, ichuje, iweke. Katika masoko yetu asali inauzwa ndani ya chupa, lakini nta ile iliyotembeza misafara mpaka Benguela wengi wanaitupa nyuma ya nyumba.

Na mambo mawili hayawezi kufanywa na mtu mmoja. La kwanza, chefferie na wakubwa wa vijiji waseme kila mwaka tarehe ya kuchoma majani, mapema, na tarehe ya mwisho. La pili, kila kijiji kiache mahali pa mutondo na muputu ambapo shoka la makala haliingii, sawa vile makaburi ya wakubwa yanavyoheshimiwa. Duara ya mzinga inapita mipaka ya mashamba yetu. Ulinzi wake nao upite mipaka.

9. Neno la kumaliza

Kila mwaka tarehe 20 ya mwezi wa kumi na mbili tunakusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri. Tunacheza, tunataja majina ya wakubwa na ya vita. Ni vizuri. Lakini ufalme haukusimama kwa bunduki tu. Ulisimama juu ya nchi yenye shaba, chumvi na pori lililozaa. Mtu aliyetoka Usumbwa alibaki hapa sababu alipata mahali pa kukaa na chakula cha watu wake. Kundi la nyuki linatafuta kitu kile kile: shimo zuri na maua karibu.

Nilimrudilia yule mzee wa kapu, nikamuuliza kama kundi lingine litakuja. Alinijibu: "Litakuja, kama kule litatoka kunabakia miti. Siku moja mutaona mwezi wa kumi inapita, hakuna kundi hata moja. Siku ile hakuna mutu atakimbia ku soko. Njo siku ya kuogopa."

Wapenzi wasomaji, mwezi wa kumi utarudi. Mwembe wa sokoni ungali umesimama, na tawi moja limekauka upande ule wa moto. Tukisikia tena sauti ile juu ya meza za akina mama, tusogee, tunyamaze, tumwite mwenye kapu.